Kugawa saketi: kazi inayotangulia boksi jipya la breka

Saketi ya nyumbani ni njia moja ya umeme: huanzia kwenye breka yake (swichi inayojishusha umeme ukizidi) ndani ya boksi, huenda hadi kwenye taa au soketi, kisha hurudi kwa waya wa nyutro. Breka ikishuka, vyote vilivyo kwenye njia hiyo huzimika. Kugawa saketi, basi, ni kuamua kipi kiwe pamoja na kipi, na kila njia ipewe breka ya ukubwa gani. Boksi la breka (wengine huliita konsuma yuniti, wengine meni swichi tu) likibadilishwa, uamuzi huo hufanyika upya hata kama hakuna aliyeutaja. Fundi akihamisha nyaya zilezile kwa mpangilio uleule, naye ameamua.

Wengi huanza kwa kuuliza, boksi la njia 8 au la njia 12? Huko ni kuanzia mwisho. Anza na nyaya zilizomo ukutani, maana kazi ya breka ni kulinda waya. Kifaa unachochomeka hakiihusu sana. Kwa kawaida waya wa milimita za mraba 1.5, wa taa, huwekewa breka ya ampia 6 au 10. Ule wa 2.5 unaokwenda kwenye soketi hupewa 16 au 20, na wa 6 unaolisha jiko hupewa 32. Hata hivyo, waya uliosongamana na wenzake ndani ya bomba moja, au unaopita kwenye joto, hubeba pungufu ya hapo. Kosa baya kuliko yote ni lile la breka inayoshuka kila mara kubadilishwa kwa kubwa zaidi bila kugusa waya. Hapo waya ndio umegeuzwa fyuzi, tena fyuzi iliyofichwa ndani ya ukuta.

Halafu piga hesabu ya mzigo. Kwa volti 230, birika la wati 3000 huvuta ampia 13, na pasi ya wati 2300 huvuta 10. Viwili hivyo vikiwaka pamoja ni 23, tayari vimeizidi breka ya 20, ingawa huenda isishuke kwa kuwa imeundwa kuvumilia ziada ndogo. Ndiyo sababu soketi za jikoni hustahili njia yao, na jiko na hita ya maji kila kimoja chake. Taa hazili umeme mwingi. Hizo zigawe kwa sababu nyingine, kwamba hitilafu moja isiiache nyumba nzima gizani.

Boksi za sasa huwa na RCD, kifaa kinachokata umeme kikihisi unavuja; ile ya kulinda watu hukata uvujaji ukifika miliampia 30. RCD moja kwa nyumba nzima ni rahisi kununua na inakera kuishi nayo: pasi mbovu chumbani huzima friji jikoni. Afadhali RCD mbili, au breka ambazo kila moja ina ulinzi wake wa uvujaji.

Ila RCD huhitaji nyutro ya kila saketi irudi kwenye RCD ileile ambako umeme wa saketi hiyo ulitokea, la sivyo huhesabu kwamba umeme umevuja. Taa ya ngazi ndiyo maarufu kwa kuazima nyutro ya saketi nyingine, swichi moja ikiwa chini na nyingine juu. Kwenye boksi la zamani iliwaka miaka bila kuonyesha dalili. Kwenye jipya, ikiwa saketi hizo mbili ziko chini ya RCD tofauti, ukiiwasha tu RCD inaruka, na boksi jipya linasingiziwa ubovu.

Kufungua boksi ni kazi ya fundi umeme aliyesomea, kwani nyaya zinazotoka kwenye mita hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa. Unachoweza kufanya mwenyewe kabla hajafika ni kuzima breka moja moja, kuzunguka vyumbani na kuandika kilichozimika. Idadi ya njia itatoka kwenye karatasi hiyo. Ongeza mbili za akiba.