Programu Ikifanya Kazi, Kazi Ndiyo Imeanza: Kwa Waliojifunza Wenyewe

Malalamiko ya wateja kuhusu salio lisilolingana na nywila kuvuja yanazidi. Mara nyingi mfumo uliandikwa na kijana aliyejifunza mwenyewe, akapewa kazi ya duka au chama cha akiba kabla ya kuzoea kuwazia hitilafu. Kujifunza mwenyewe si kosa. Tunachoomba ni hatua inayofuata.

Chukua malipo ya simu. Mtandao ukisuasua, taarifa ya muamala mmoja yaweza kuletwa mara mbili, na salio likaongezwa mara mbili. Kukagua kwanza kama namba ya muamala ipo hakutoshi, kwa sababu taarifa mbili zikifika pamoja, zote zitakuta haipo. Weka sharti la upekee, yaani linalokataa namba kujirudia, kwenye safu ya namba hiyo ndani ya hifadhidata yenyewe. Kuandika rekodi na kuongeza salio kuwe tendo moja, likikwama lote lirudi nyuma. Kisha andika jaribio linalotuma taarifa ileile mara mbili. Pesa zihifadhi kwa senti, kama namba kamili, kwa sababu desimali hukosea kidogo: katika lugha ya JavaScript, 0.1 + 0.2 huleta 0.30000000000000004.

Wengine waliopakia ufunguo wa siri wa mfumo kwenye GitHub, tovuti ya kutunzia msimbo, hutuambia, “Ufunguo nilishaufuta GitHub.” Hapana, hapana! Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, hutunza historia yote. Ufunguo uliowahi kuwa hadharani uhesabu umeibwa: ubatilishe kwanza, chukua mpya, uweke nje ya msimbo, ndipo usafishe historia. Nywila zipitishe kwenye Argon2id au bcrypt, njia za kuzificha zisirudishike, kamwe si MD5, ya zamani na rahisi kuvunjwa.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, data binafsi ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara, mdhibiti wa data, yaani anayeamua data itumikeje, humjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu afahamu. Wewe unayeendesha mfumo kwa niaba yake ni mchakataji. Mwarifu mdhibiti bila kuchelewa, inapowezekana ndani ya saa 48. Faini ya kiutawala yaweza kufika shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. “Mfumo wangu ni mdogo” si utetezi: nafuu ya biashara ndogo inahusu usajili tu.

Saa hizo huisha upesi kwa asiye na kumbukumbu za mfumo. Andika nani aliingia, lini, na aligusa rekodi ipi, kisha uzitunze kwenye seva nyingine ambayo mvamizi hataweza kuzifuta.