Majoho ya Gorsedd si urithi wa kale

Wengi wakiona majoho meupe, ya buluu na ya kijani ya Gorsedd, jumuiya ya washairi wa Wales, hudhani hiyo ni mila iliyotoka moja kwa moja kwa makuhani wa kale. Sivyo. Ilibuniwa na Iolo Morganwg, mwashi, aliyepanga kokoto kwa duara huko Primrose Hill, London, mwaka 1792. Hata mashairi aliyoyatunga mwenyewe alimsingizia Dafydd ap Gwilym, malenga wa karne ya 14, na wasomi wakayakubali.

Karatasi za Iolo, zilizomo Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth, ndizo zilizomuumbua, msomi G. J. Williams alipozipekua. Zatunzwa kwa haki: mkono uleule ulinakili pia hati za kweli.