"Mara Moja Moja Tu" Ndiyo Shida Yenyewe

Wiki hii nimeisikia tena: "Mwalimu, tabia ya mtoto kulilia simu tumeshaikomesha. Siku hizi tunampa mara moja moja tu." Mzazi anadhani ameipunguza nguvu ile tabia. Ameipigilia misumari.

Ratiba za msingi za uimarishaji, yaani kanuni za lini tabia ilipwe zawadi, ni nne: baada ya idadi maalumu ya majibu, idadi inayobadilika, muda maalumu, muda unaobadilika. Wanasaikolojia Ferster na Skinner walizijazia kitabu kizima mwaka 1957, kumbukumbu za saa zipatazo 70,000, njiwa wakidonoa wee. Skinner alianza kutoa zawadi mara moja moja ili kubana matumizi. Jumamosi moja aliona vidonge vya chakula cha panya havitafika Jumatatu mchana, na kuvitengeneza ni kazi. Akaamua kutoa kimoja kwa dakika, hata panya abonyeze kitufe mara ngapi. Panya hawakugoma.

Sasa mtazame mtoto. Analia, mama anakataa. Anapandisha sauti, mama anakataa. Anajitupa chini, mgeni yuko sebuleni, mama anaona haya, simu inatoka. Kesho mama anashikilia hadi mtoto anachoka. Keshokutwa anatoa kwenye kilio cha pili kwa sababu ugali unaungua. Hiyo ni idadi inayobadilika, ile ile inayomganda mtu kwenye mashine ya kamari. Mtoto hajui kilio kipi kitalipa, basi aache kwa nini?

"Lakini nilikataa mara tisa!" Ndiyo, na ya kumi ukatoa. Zile tisa hazikumfundisha kwamba simu haipatikani. Zimemfundisha asikate tamaa mapema. Halafu kilicholipwa siku ile ya mgeni hakikuwa kilio, kilikuwa kujitupa chini. Hili nalirudia hadi koo linakauka.

"Anayempa ni bibi yake, si mimi." Afadhali hivyo, bibi anisamehe. Mara nyingi mtoto ataishia kumlilia bibi tu. Taabu ni mtu yule yule akiwa leo hivi, kesho vile.

Nina mashaka yangu pia. Tunafundishwa kwamba tabia iliyolipwa mara moja moja huchelewa kuzimika zawadi zikikatwa. Lakini kazi za mtafiti Nevin kuhusu msukumo wa tabia, yaani jinsi tabia inavyoendelea hata ikivurugwa, zinaonyesha kwamba mahali penye zawadi nyingi ndipo tabia inapokuwa sugu zaidi. Sijawahi kuyaoanisha mawili hayo nikaridhika, na anayeyamaliza kwa slaidi moja simwamini. Hata ule mlipuko wa kilio tunaowaonya wazazi, kilio kuzidi kwanza pale zawadi inapokatwa, hauwatokei watoto wote.

Stadi mpya ni habari nyingine: lipa kila mara kwanza, kisha punguza polepole. Ukitoka kwenye zawadi kwa kila jibu moja ukarukia zawadi kwa kila majibu kumi, atagoma.

Kwa simu, kama unajua leo huna nguvu ya kukataa, mpe pale anapoomba kwa neno au kwa kadi ya picha, kabla hajalia. Ukishakataa, shikilia hadi mwisho. Na kama baba hajaukubali mpango, mimi siuanzishi.