Mnakula leo, kesho je? Maswali kuhusu uhakika wa chakula kando ya Ziwa Victoria

Kwetu hatujalala njaa. Mbona mhudumu wa afya anasema hatuna uhakika wa chakula?

Kwa sababu haangalii sufuria ya leo peke yake. Anataka kujua kama chakula kinapatikana, kama mnakimudu, kama mwili unafaidika nacho, na kama hali hiyo haiyumbi. Kwenye kuyumba ndipo wengi wa mwaloni, ufukweni samaki wanaposhushwa, tunakwama. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi inapumzika na pesa inakatika. Nyumba inayoshukia uji mtupu kila mwezi unapokuwa mkubwa haina uhakika wa chakula, hata kama wakati wa giza inakula sato.

Ziwa hili hapa. Njaa itoke wapi?

Mfukoni. Minofu ya sangara inapanda ndege, na asiye na kitu ananunua mapanki, mifupa iliyobaki kiwandani.

Madhara yake kiafya ni yapi?

Anayeanza kujinyima ni mama, na hasemi. Akiwa mjamzito, upungufu wa damu humnyemelea na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Wasiwasi wa kesho nao hukata usingizi na kuleta ugomvi usio na sababu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiruka mlo, sukari inaweza kushuka ghafla. Awaambie kliniki ukweli, asijipangie dozi mwenyewe.

Mtoto nitamjuaje?

Mpeleke apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa utepe wa rangi, akiwa na umri wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 12.5 ni njano, utapiamlo wa kadiri; chini ya 11.5 ni nyekundu: utapiamlo mkali. Mbonyeze pia kwa kidole upande wa juu wa nyayo zote mbili. Vishimo vikibaki, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, utepe uonyeshe rangi yoyote.

Kipato chenyewe hakitabiriki. Tufanyeje?

Kumwambia mtu "kula mlo kamili" wakati hana hela ni kumchosha bure. Afadhali akiba ya jikoni: wakati wa giza tenga dagaa walioanikwa kwenye chanja, maana wa mchangani hukwaruza meno, na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ya msimu wa viazi. Dagaa huliwa mzima, mifupa na vyote, ndiyo maana ana madini mengi ya chokaa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, wachambue, waoshe, wakaange bila mafuta hadi wakauke kabisa, watwange, chekecha, kisha koroga unga huo kwenye uji ukiwa bado jikoni.