Bei Zikishuka Nchi Nzima, Deni Haliendi Nazo

Kila inapotangazwa kwamba mfumuko wa bei umepungua, simu za ofisi yetu huanza kuita: "Mbona unga Tandale haujashuka?" Tumeshaeleza mara nyingi, tutaeleza tena. Mfumuko ukipungua, bei bado zinapanda, ila kwa mwendo mdogo. Bei zenyewe kushuka, kwa bidhaa nyingi na kwa muda mrefu, ni jambo jingine kabisa, wala si la kuliombea.

Tangu lengo la sarafu moja ya Afrika Mashariki lisogezwe kutoka 2024 hadi 2031, limezidi swali la pili: tunajivuta nini, mbona Ulaya waliweza? Watazameni Wagiriki.

Lakini kwanza, kuona kwa nini bei kushuka ni hatari, chukua mwenye duka Kariakoo anayeuza kwa milioni 4 kwa mwezi na kurejesha benki milioni 1. Bei zikishuka kwa robo, mzigo uleule anaupatia milioni 3. Rejesho liko palepale. Serikali nayo hukusanya kodi kwa bei za leo, ikalipa deni lililokopwa kwa bei za jana.

Ugiriki iliingia kwenye euro 2001. Mwishoni mwa 2009 ikabainika nakisi ya bajeti, yaani matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake, ni kubwa kuliko ilivyoripotiwa. Hesabu za baadaye zilionyesha zaidi ya asilimia 15 ya pato la taifa, ilhali kikomo cha Ulaya ni 3. Mwenye sarafu yake angeiacha ipoteze thamani ili auze nje kwa urahisi, japo mafuta yangempandia. Drakma, sarafu ya zamani ya Ugiriki, haikuwepo tena. Ikabaki kukata mishahara na pensheni, na bei zikafuata: kuanzia 2013 zilishuka miaka mitatu mfululizo. Mwaka 2012 wawekezaji binafsi walipoteza zaidi ya nusu ya thamani ya dhamana za serikali ya Ugiriki walizoshika, yaani hati za kuikopesha. Hata hivyo deni, lililokuwa kama asilimia 127 ya pato mwaka 2009, likakaribia 180 mwaka 2014. Deni lenyewe kwa euro halikukua sana. Pato ndilo lililosinyaa kwa takriban robo. Mwishoni mwa Juni 2015 benki zikafungwa, na kwenye mashine mtu akaruhusiwa euro 60 tu kwa siku.

Hivyo Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, yenye masharti ya kuingia kwenye sarafu moja, iliyosainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013 si urasimu. Mfumuko usizidi asilimia 8. Nakisi, misaada ikihesabiwa, isizidi asilimia 3 ya pato. Deni la umma kwa thamani ya sasa (malipo ya baadaye yakihesabiwa kwa thamani yake ya leo) lisizidi asilimia 50 ya pato. Akiba ya fedha za kigeni itoshe uagizaji wa miezi 4.5. Vyote vinne kwa pamoja, na vishikiliwe miaka mitatu mfululizo. Aliyetimiza vitatu hajatimiza. Kuhusu adhabu, kanuni za Ulaya zina faini kwa anayezidisha nakisi, lakini 2016 Hispania na Ureno zilipangiwa faini ya sifuri. Naam, sifuri. Kwa hiyo usimamizi lazima uanze kabla ya kuungana.

Wanaouliza kama wabadilishe shilingi zao mapema kuwa fedha za kigeni: hapana. Shilingi ndiyo fedha halali Tanzania, na kanuni za Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za humu ndani kutangazwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba anayedai kodi kwa dola mkumbusheni hilo.