Je, Wajua Grace Jones Alisimamaje Vile?

Katika picha iliyopamba jalada la albamu ya Island Life ya mwaka 1985, mwimbaji Grace Jones amesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameunyoosha nyuma na juu, kipaza sauti kimo mkononi, na kifua chake kimemwelekea mtazamaji. Aliwezaje?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, tena nililitoa kwa kujiamini: ni mazoezi. Jones, mzaliwa wa Spanish Town nchini Jamaika, alikuwa mwanamitindo huko New York na Paris kabla hajawa mwimbaji, nami nilidhani kwamba mtu aliyekula kwa jasho la mwili wake hashindwi na mkao wowote. Nilipoambiwa kuwa nimekosea, nikahamia jibu la pili, ambalo lilikuwa baya kuliko la kwanza: ni kompyuta. Ningejisumbua kutazama tarehe ningejinusuru, kwa maana picha hiyo ilichapishwa mwaka 1978 katika jarida la New York, ilhali programu ya Photoshop iliingia sokoni mwaka 1990.

Ukweli ni kwamba hakusimama vile hata dakika moja. Anayetia shaka ajaribu mwenyewe: ukiinua mguu nyuma hadi usawa wa nyonga, kiwiliwili huinama mbele chenyewe ili uzito ubaki juu ya unyayo, na ukilazimisha kifua kigeuke upande, utatafuta ukuta wa kushika. Sisemi kwamba hakuna mwanadamu awezaye, kwani hata Jean-Paul Goude, msanii Mfaransa aliyeitengeneza picha hiyo, alikubali kwamba mwenye viungo laini kupita kiasi huenda akaumudu mkao huo. Alichosisitiza ni kwamba Jones hakuumudu, na kwamba kuufanya uongo uaminike ndiyo kazi yake.

Namna alivyofanya inaeleweka vizuri na yeyote aliyewahi kuona mkeka ukishonwa. Msusi hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Husuka kwanza ukili, utepe mwembamba mrefu, kisha huzishona kili ubavu kwa ubavu, na akiwa hodari mshono hauonekani ukisimama hatua mbili mbali. Goude alimpiga Jones picha kadhaa katika mikao tofauti, huku mwili ukiegemezwa, kila picha ikiwa sahihi kwa kiungo kimoja: hii kwa mguu, ile kwa kifua, nyingine kwa mkono. Kisha alizikata, akavirefusha viungo, akaviunganisha, na akapaka rangi juu ya maungio. Jicho linakubali kwa sababu kila kipande, kikitazamwa peke yake, ni cha kweli.

Kingo za vipande nazo zilipata dawa yake kabla ya rangi: kazi yote iliyobandikwa ilitolewa nakala moja ya picha, na juu ya nakala hiyo ndipo alipopaka. Anayebandika karatasi juu ya cheti kisha akakitoa nakala ya kivuli anaijua mbinu hii, ingawa kwa nia nyingine: nakala haina kingo, kwa kuwa kilichokuwa tabaka mbili sasa ni karatasi moja.

Ushirikiano wa Goude na Jones haukuishia kwenye karatasi. Katika onyesho la A One Man Show, lililotolewa kwa video mwaka 1982, wachezaji walivaa vinyago vya uso wa Jones, hata jukwaa likajaa akina Grace, yaani mkato uleule kwa watu hai. Mwaka 1984 msanii mwingine, Keith Haring, aliuchora mwili wa Jones kwa mistari myeupe, na Robert Mapplethorpe akaupiga picha. Hapo hapakuhitajika mkasi. Wapo wahakiki wanaomlaumu Goude kwa kuugeuza mwili wa mwanamke Mweusi kuwa kioja, na lawama hiyo ina uzito, ingawa ni vigumu kumtazama Jones jukwaani na kumwita chombo cha mtu.

Jambo linalonifurahisha zaidi ni la mwaka uleule wa 1985. Kwenye jalada la albamu ya Slave to the Rhythm, Goude aliukata uso wa Jones na kurudia vipande hadi mdomo ukarefuka kupita kiasi, na safari hii hakupaka rangi juu ya maungio: utepe wa gundi aliuacha uonekane.