Mafuta kwenye ini: "Mimi sinywi, yamenipataje?"

"Huo ni ugonjwa wa walevi." Mtu asiyegusa hata tone akisomewa majibu kwamba ini lake lina mafuta huona kama amevunjiwa heshima. Pombe huleta mafuta kwenye ini, kweli. Lakini mwili usioitikia insulini sawasawa huyaleta vilevile: sukari ya soda na ya chai ya vijiko vitatu hufika kwenye ini na kugeuzwa mafuta hapohapo. Ndiyo maana mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha jina ugonjwa huu, wakautaja kwa hitilafu za umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, badala ya kuuita tu "usio wa pombe".

"Mafuta yamekaa tu, hayana neno." Hapa ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Ini zima lina rangi ya damu ya mzee. Likijaa mafuta huelekea manjano, na kwenye altrasaundi hung'aa kuliko figo lililo jirani yake. Ndani ya seli, mafuta yakizidi uwezo wa kuchomwa hutoa kemikali kali zinazoijeruhi DNA, kitabu cha maagizo ya urithi kilichomo ndani ya seli. Na si hilo tu. Masalia ya chakula kinachochomwa ndiyo malighafi ya alama ndogo zinazobandikwa juu ya DNA na kwenye protini inazojizungushia. Kitabu kinabaki kilekile, ila kurasa nyingine zimegandishwa kwa gundi na nyingine zimeachwa wazi. Zikigandishwa zile za kuzuia seli zisizaliane ovyo, saratani imepata upenyo. Hiyo ndiyo epijenetiki.

"Bila sirosisi hakuna saratani." Wengi hupitia sirosisi, yaani ini kujaa makovu, si wote. Ini lenye mafuta limewahi kuota uvimbe bila sirosisi.

"Nimerithi, nifanyeje?" Aina moja ya jeni ya PNPLA3 huongeza hatari, sikatai. Ila kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini, na asilimia 10 huweza kulegeza hata makovu. Waliokonda baada ya upasuaji wa tumbo wa kupunguza unene walipopimwa tena, baadhi ya zile alama zilikuwa zimeanza kurudi kama zamani.

"Kwetu saratani ya ini ni homa ya ini B na mahindi mabovu, unene ni mambo ya Ulaya." Vyote hivyo huweza kukutana kwenye ini moja. Tena sumukuvu ya mahindi yenye ukungu haiishii kwenye gundi: hubadilisha herufi yenyewe ya jeni ya TP53, mlinzi wa seli dhidi ya saratani, na hiyo hairudi hata ukikonda.